Viatu vya Ekuam Vitasema Siku ya Harusi

Ukifika soko la Isiolo ukauliza fundi wa akala, vile viatu vya wazi vya tairi, watu watakunyooshea kidole upande mmoja tu: kibanda cha mabati chenye matairi ya lori yamerundikwa mlangoni. Hapo utamkuta Ekuam Lodio ameketi kwenye kigoda, kisu mkononi, anabishana na mtu. Miaka thelathini na miwili sasa anakata akala. Wafugaji wanatoka Garbatulla na Korbesa na nyayo zao pana za kutembea, wanasimama juu ya kipande cha tairi, Ekuam anainama na chaki, anazungusha mstari, anasema, "Toa mguu," na kisu kinaingia. Kuna siku Adano wa Korbesa alimtuma shemeji yake amchukulie jozi, na shemeji hakuja na kipimo chochote. Ekuam akafumba macho kidogo kukumbuka ule mguu, akakata, na akala zikamtosha Adano sawasawa.

Sasa fundi kama huyo, jamani, anakosea vipi namba ya kiatu chake mwenyewe? Ngojeni. Tutafika.

Mambo yalianza zamani, Sharon akiwa darasa la pili. Sharon ndiye mtoto wake wa pekee. Mama yake, marehemu Apua, alifariki mtoto akiwa bado mdogo wa kubebwa, kwa hivyo Ekuam alimlea peke yake huko Chechelesi, akimsuka nywele vibaya na kumkatia akala vizuri. Siku ya wazazi shuleni akaja afisa mmoja wa serikali, viatu vyeusi vya ngozi, vinang'aa. Afisa akapita kwenye simenti ya baraza: ko! ko! ko! Shule nzima ikanyamaza. Sharon akamtazama yule afisa, akatazama miguu ya baba yake, kisha akauliza kwa sauti ambayo mpaka mwalimu mkuu aliisikia, "Baba, mbona vyako havisemi?"

Watu walicheka, na Ekuam naye akacheka, lakini ilimwingia. Akainama akamwambia mtoto, "Siku ya harusi yako nitavaa vinavyosema. Kanisa zima litasikia baba ya Sharon anakuja." Mtoto akasema sawa. Na unajua watoto, kitu kama hicho hawakisahau. Ekuam pia hakukisahau.

Basi Sharon akakua, akawa mwalimu wa chekechea Garbatulla, akapata Dan, kijana mpole anayeuza dawa za mifugo. Wazee wakakaa, wakazungumza, wakamaliza. Harusi ikapangwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Ekuam alipagawa, sikudanganyi. Mzee wa miaka hamsini na tisa anakata tairi huku anaimba. Mteja akija kuulizia akala anaambiwa kwanza kuhusu harusi, kisha kuhusu viatu vitakavyosema kanisani, na mwisho kabisa, kama amebaki na subira, anapimwa mguu.

Lakini viatu vyenyewe viko wapi? Ekuam alizunguka maduka ya mji. Anaingia, anachukua kiatu, anakikunja katikati kama chapati. Ngozi ikifanya mikunjo ya kupasuka, anatikisa kichwa. Ananusa ndani: ikinuka gundi tupu, anatikisa kichwa. Anahesabu mishono ya ubavuni kwa ukucha, anabonyeza kisigino kuona kama kuna kadibodi ndani, halafu anakigonga juu ya meza, sikio limeinamishwa. "Hii ni karatasi imepakwa rangi," anasema, na wateja wengine wanasikia. Duka la tatu mwenyewe alimwomba kwa heshima asirudi. Duka la nne hakuombwa kwa heshima.

"Wewe unatafuta kiatu ama unatafuta kesi?" Kaburu akamuuliza. Kaburu ni Mmeru, fundi wa viatu vya ngozi, kibanda chake kimepakana na cha Ekuam, na kwa miaka ishirini hawa wawili wametaniana bila kupumzika hata Jumapili.

"Natafuta kiatu kilichoshonwa na mtu aliyekuwa macho," Ekuam akajibu.

Sharon ndiye aliyempigia simu akamwambia, "Baba, angalia mtandaoni. Kuna duka moja la Nairobi, mwalimu mwenzangu alinunua huko, ni wazuri." Akamtumia picha. Wee! Ekuam akavuta picha kwa vidole viwili mpaka ukaona tundu la sindano. Viatu vyeusi, kamba nyembamba, soli ngumu ya ngozi, kisigino cha kupanda. Moyo ukamwenda mbio. Lakini fundi ni fundi, hanunui picha. Akamwandikia dada wa lile duka: nitumie picha ya ndani. Akatumiwa. Nitumie ya chini. Akatumiwa. Chukua video ukikunja. Dada akakunja, ngozi ikalala na kuinuka bila mstari wowote. Mwishowe Ekuam akaandika: "Sasa gonga kisigino kwa meza nisikie."

Sijui yule dada alifikiria nini kuhusu watu wa Isiolo. Lakini alikuwa mtu wa kazi. Baada ya dakika tano ikaingia sauti kwenye simu: ko! ko! ko!

Ekuam alisimama. Akaicheza tena. Akaipeleka kwa Kaburu, akaipeleka kwa mama wa mboga, akawachezea wanaume watatu waliokuwa wanashusha mbuzi, watu ambao hata hawamjui. "Sikia! Sikia hii! Hiyo ni mimi, Jumamosi hiyo, kanisani!" Kufika jioni soko zima lilikuwa linasalimiana kwa ko-ko-ko.

Hapo ndipo dada wa duka akauliza namba, na kwa uzuri wake akamwelekeza pia. Akaandika kwamba asimame wima juu ya karatasi, kisigino kiguse ukuta, achore mpaka kidole kirefu, miguu yote miwili kwa sababu hailingani, na afanye hivyo jioni mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za mchana. Kisha atume sentimita.

Ekuam akasoma mara mbili. Akachukia. "Huyu msichana ananifundisha mguu? Mimi?" Akaonyesha Kaburu ile simu. "Mimi nimepima miguu ya wilaya nzima!"

"Si ujipime tu yaishe," Kaburu akasema. "Simama hapo nikuchoree."

"Wewe unichoree? Kipimo changu kiko pale."

Na kweli kilikuwa pale, kimening'inia kwenye msumari: kipande cha kadibodi ngumu chenye umbo la mguu, kingo zimekuwa nyeusi kwa kushikwa. Kila akala zake Ekuam zikichakaa anatoa kile kipimo, anakiweka juu ya tairi, anakata. Hajawahi kufanya vingine. Akakishusha, akaweka rula: sentimita ishirini na tisa. Akaandika, "Mimi ni fundi. Leta namba arobaini na tano."

Ngoja nikwambie jambo moja kuhusu akala, ndipo uelewe. Akala haikatwi kwenye mstari wa chaki. Inakatwa nje yake, ukibakiza upana wa kidole kuzunguka mguu wote, mbele na nyuma, ili mwiba wa porini ukija kwa ubavu upige tairi kabla ya nyama. Ekuam anauita ukuta wa mwiba. Na kipimo cha kwenye msumari alikichora zamani kwa kufuatisha akala yake kuukuu, ukuta ukiwa umehesabiwa humo. Fundi wetu alikuwa ameagiza kiatu cha kanisani kikiwa na ukuta wa mwiba.

Mzigo ulifika Jumanne ya wiki ya harusi, dukani kwa Lul. Lul anauza vitambaa na bakuli, na mizigo ya Nairobi hushushwa kwake. Mama mtaratibu, ameona mengi.

"Habari ya leo, dada Lul!" Ekuam akaingia akihema.

"Nzuri, mzee. Kaa kwanza. Fungua hapa mbele yangu, usiende nayo ikiwa imefungwa. Wengi wanabeba hivyo hivyo, kesho wanakuja kunililia." Akatandika mkeka safi. "Na ujaribu kwa mkeka. Hii karatasi yao inasema wanabadilisha ndani ya siku saba, lakini soli isiwe imegusa chini. Umesikia?"

"Nimesikia, nimesikia."

Hakusikia chochote. Alikuwa ameshatoa kiatu. Akakikunja: safi. Akanusa: ngozi, ngozi ya kweli ya ng'ombe. Akahesabu mishono: imelingana mpaka mwisho. Akabonyeza kisigino, akaingiza mkono ndani kutafuta msumari wa kuchoma, akapangusa rangi kwa kitambaa cheupe kuona kama inatoka. Haitoki! Machozi yalimlengalenga. Akavaa soksi mpya, akaingiza mguu.

Kumbuka huyu mtu hajawahi kuvaa kiatu cha kufunika maishani mwake. Angejua vipi kinatakiwa kushika wapi? Akasukuma vidole mbele, akakuta nafasi tupu, akasukuma tena, nafasi bado iko. Uso ukamng'aa.

"Lul! Wameniwekea ukuta wa mwiba!"

"Mzee, hiyo si kubwa?"

"Kubwa wapi? Hiyo ni kazi ya fundi anayejua!" Akavuta kamba mpaka ngozi ikakutana. Na mbele yake, nje ya mlango, kulikuwa na baraza ya simenti, laini, ndefu, tupu. Ekuam akaitazama. Lul akafungua mdomo kusema kitu.

Ko! Ko! Ko!

Ee Mungu wangu, sauti ile! Ilikuwa nzuri kuliko ya simu. Ekuam alitembea baraza yote ya Lul, akarudi, akatembea ya duka linalofuata. Watu wakatoka kutazama. Akashuka barabarani, kwenye lami, kichwa juu, mikono nyuma kama yule afisa, ko! ko! ko! mpaka sokoni. Kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka ndani ya kiatu, na kilianza kuuma, lakini nani ana habari ya kisigino siku kama hiyo? Alipofika mbele ya vibanda akamwona Kaburu, akainua mkono amsalimie, akavuka barabara kwa hatua kubwa. Upande wa pili alifika na kiatu kimoja.

Kingine kilibaki katikati ya barabara peke yake, kimetulia, kamba zimefungwa vizuri. Boda ikakikwepa. Nyingine ikapiga honi. Kaburu alijaribu kujizuia, namtetea, alijaribu, halafu akaanguka juu ya mfuko wake wa vipande vya ngozi akicheka bila sauti.

"Mzee wa matairi," akasema alipopata pumzi, "hicho kiatu chako kimekataa kuja."

Ekuam akakiokota. Akageuza soli: imekwaruzwa yote, mchanga umeingia. Hapo ndipo maneno ya Lul yalipomrudia, moja baada ya jingine. Hawawezi kubadilisha. Jozi nyingine kutoka Nairobi inachukua siku nne, na harusi ni Jumamosi. Na kule madukani, unakumbuka alivyowaaga. Akakaa kwenye kigoda chake na kile kiatu mapajani, na siku hiyo hakuimba.

Sharon aliwasili Jumatano mchana kutoka Garbatulla, ameshika gauni lililofunikwa nailoni. Akamkuta baba yake ndani ya nyumba anafanya mazoezi. Alikuwa amejaza viatu magazeti. Hatua ya kwanza karatasi zinalia kwacha, hatua ya pili kisigino kinachomoka, hatua ya tatu mzee anashika ukuta. Sharon akaangua kicheko mpaka akaketi juu ya begi lake. Kisha akaona macho ya baba yake.

"Nilikuambia vitasema," Ekuam akasema. "Miaka yote hiyo nilikuambia. Na nimeharibu mimi mwenyewe kwa kiburi."

Sharon akainuka. Akaangalia vile viatu, akaangalia miguu. "Baba, huu mguu wako, nani aliupima?"

"Kipimo kiko—"

"Sijauliza kipimo. Nimeuliza mtu. Nani amewahi kukupima?"

Ekuam akafikiria. Watu wa Garbatulla, wa Korbesa, wa Chechelesi yote, alikuwa amepiga magoti mbele ya miguu yao. Ya kwake? "Nani angenipima?" akasema.

Sharon akatoa chaki kwenye mkoba, chaki ya mwalimu, ya samawati. Akapasua katoni, akaisukuma ukutani. "Simama. Kisigino nyuma. Usiegemee upande." Akapiga magoti. Chaki ilipofika kwenye uvungu wa wayo Ekuam akaruka. "Tulia!" Akarudisha mguu, chaki ikagusa tena, akapiga ukelele. Kumbe yule mzee anatekenyeka ajabu! Miaka thelathini na miwili anawaambia wafugaji wakali watulie, na yeye hawezi kuvumilia chaki. Wakacheka wote wawili, Sharon amemshika kifundo cha mguu kwa mkono mmoja kama mtu anayeshika mbuzi wa kuchanjwa, mpaka mstari ukazunguka.

Namba arobaini na mbili. Na mguu wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto kwa nusu ukucha, jambo ambalo Ekuam hakulijua kuhusu nafsi yake.

Aliitazama ile michoro kwa muda. Kisha akavaa akala zake, akabeba katoni kwapani, viatu mkononi, akaenda moja kwa moja kwa Kaburu. "Nipe kalibu," akasema. Kalibu ni ule mguu wa mbao ambao mafundi wa ngozi wanavutia kiatu juu yake. "Na unisaidie. Tafadhali."

Neno hilo la mwisho Kaburu alikuwa hajalisikia kutoka kwake tangu wajuane. Hakutania. Akatoa kalibu ya arobaini na mbili, akafuta vumbi.

Alhamisi na Ijumaa walifanya kazi kibanda kimoja. Kaburu akabandua soli, akavuta ngozi juu ya kalibu, akapunguza, akakunja, akaomba misumari midogo kwa mdomo uliojaa mingine. Lakini soli ya kiwandani ilikuwa imegandishwa pamoja na kisigino, na walipoikata kuipunguza ikapasuka vipande viwili. Ekuam akaviweka kando vile vipande. Akainuka, akachagua tairi jembamba kuliko yote aliyokuwa nayo, akaweka ile katoni yenye mstari wa samawati juu yake, akakata soli na kisigino. Kwenye mstari kabisa. Bila ukuta wa mwiba, kwa mara ya kwanza maishani. Wakashona, wakapaka rangi ubavuni, na kutoka juu usingejua kitu. Ekuam akavaa, akafunga kamba, akaruka mara tatu. Vilimshika kila mahali. "Kaburu!" akapiga kelele. "Kumbe kiatu kinakumbatia!"

Akatembea kwenye simenti. Kimya. Tairi halina maneno, tangu lini tairi likaongea?

"Tupige misumari kwa kisigino," Kaburu akasema.

"Msumari unase gauni la mtoto wangu? Hapana."

"Basi weka simu mfukoni, ucheze ile sauti ya yule dada."

Walicheka, lakini Ekuam alienda nyumbani taratibu.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Lul alikuja na shali ya kijani, akasimama mlangoni na akina mama wenzake. Kaburu alikaa benchi la pili, amevaa suti, anaangalia viatu zaidi kuliko anavyoangalia bibi harusi. Kwaya ikamaliza, watu wakasimama, na kwenye vigae vipya vya sakafu Ekuam Lodio akaanza kumpeleka binti yake. Hatua moja. Kimya. Hatua mbili. Viatu vilikuwa vinang'aa, mguu umetulia ndani, hakuna kinachouma, na hakuna kinachosikika isipokuwa gauni. Ekuam akamwinamia binti yake.

"Havisemi," akanong'ona. "Nisamehe, mama."

Sharon hakumwangalia. Alikuwa anatazama mbele kwa Dan, uso mzito wa bibi harusi, shela limetulia. Ekuam akainua mguu wa kulia, ule mrefu, akaukanyaga chini.

"Ko," akasema Sharon chini ya shela.

Ekuam akakosa hatua kidogo. Akakanyaga kushoto.

"Ko."

Kulia. "Ko." Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Akajaribu kuuma mdomo, haikusaidia. Kushoto, "ko," kulia, "ko," na sauti ya Sharon ikawa inapanda, kwa sababu naye alikuwa anacheka sasa, na benchi la pili likasikia, na Kaburu, ambaye hana adabu kanisani wala kwingine, akagonga benchi kwa pete yake: ko! Lul akapiga kigelegele huko mlangoni. Baba na binti wakafika mbele wakiwa wameshikana ili wasianguke kwa kicheko, machozi yanawatoka, Dan anashangaa, na hatua ya mwisho Sharon aliitolea sauti ambayo mpaka mchungaji aliisikia.

"KO! Baba ya Sharon amefika."